Gitaa Lililosubiri Mkono

Treni ya kutoka Tabora ilikuwa imechelewa saa tano, na watu waliokuja kuipokea stesheni ya Mpanda walikuwa wamechoka hadi kununa. Ilipoingia hatimaye, kila mtu alitaka awe wa kwanza. Magunia yalipita juu ya vichwa, kuku walipiga kelele ndani ya matenga, na katikati ya vurugu hiyo dada mmoja mwenye gauni la njano alikuwa akiburuta katoni iliyokaribia kumzidi kimo.

“Dada, usiliburute! Utalivunja shingo!”

Natalia aligeuka akiwa na tusi tayari mdomoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ndevu zimechongwa vizuri, na juu ya fulana nyeupe amevaa koti la jinzi. Oktoba, Mpanda, saa sita mchana, mtu amevaa koti. Tusi likampotea.

“Nini nitakivunja shingo, kaka?”

“Si gitaa hilo?”

“Umejuaje? Katoni nzima imezungushiwa selotepu.”

“Nyuzi zinalia kila ukiligonga chini. Lete huku.”

Alilipandisha kwenye bega la kulia kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulibaki umetulia kwenye mfuko wa koti, kama vile safari hiyo haikuuhusu.

“Unaitwa nani, Bwana Koti?” Natalia aliuliza, akikimbilia hatua zake ndefu.

“Optatus. Kwetu Usevya.”

“Mpimbwe! Sasa nyie huko Oktoba mnasikia baridi?”

“Nina homa kidogo.”

Hakuwa na homa hata chembe. Alikuwa amekuja kuchukua beringi za mashine ya kukoboa mpunga, na alizisahau palepale stesheni. Alikumbuka walipofika kwenye duka la vyombo vya muziki alikouza Natalia, na hata hapo hakuwa na haraka ya kurudi.

Tuseme ukweli mapema, maana Optatus mwenyewe angekuzungusha wiki tano. Miaka minne nyuma, huko Usevya, mkanda wa mashine ulimnasa mkono wa kushoto. Kidole cha pete kiling'oka chote, na kidole cha mwisho kilibaki nusu, kikakakamaa. Kabla ya siku hiyo alikuwa mpiga gitaa la solo ambaye watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza. Wakati amelazwa hospitali, gitaa lake la umeme lilikaa chini ya kitanda kwenye sakafu ya udongo, na mchwa wakalikuta. Aliporudi na kulivuta, ubao ulimomonyoka mikononi na zikabaki nyuzi na vyuma.

Hata hilo angelivumilia. Kilichomuua ni maneno ya shangazi wa Jeniffer, msichana aliyekuwa amechumbiana naye. Siku ya kuja kumpa pole, shangazi mtu aliutazama ule mkono uliofungwa bendeji akasema mbele ya wageni, “Sasa huyu, padri atamvalisha pete wapi?” Watu walicheka. Mwezi haukuisha, uchumba ukafa. Optatus alihamia Mpanda akawa fundi wa mashine za mpunga. Kwenye mashine hakuficha kitu, kila mtu alijua. Mbele ya wageni, mkono uliishi kotini.

Na sasa mwalimu wa kwaya ya parokia, Respicius, alikuwa amemwomba kitu kimoja. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano, na sherehe ilipangwa Jumapili ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, mwishoni mwa Novemba. Walitaka kuimba wimbo ambao Optatus aliutungia utangulizi wa gitaa enzi zake. Hakukuwa na mwingine aliyeujua.

“Nitapiga,” Optatus alisema, kisha akashindwa kulala siku tatu. Mdomo ulikuwa umekubali jambo ambalo mkono haukuulizwa.

*

Duka la Mzee Lukmani liliuza spika, maiki, vinanda na magitaa, na lilikuwa na sheria moja: kitu hakitoki mpaka mteja akijaribu mwenyewe na kutia saini kwenye daftari. Sheria hiyo ilizaliwa baada ya mtu mmoja kurudisha kinanda Jumatatu, baada ya harusi, akidai kilikuwa kibovu tangu Ijumaa.

“Bibie, sheria ni sheria,” Mzee Lukmani alimkumbusha Natalia kila asubuhi huku akipangusa kofia yake. “Awe shehe, awe askofu, ajaribu kwanza.”

Optatus alirudi siku ya pili, na koti lake. Magitaa ya umeme yalikuwa mawili. Moja jekundu, jipya, linang'aa kama kucha za bibi harusi. La pili ni lile lililokuja na treni, la kahawia, lililokwishatumika, lina mkwaruzo mrefu kifuani.

“Karibu, Bwana Koti. Jaribu, waya huo hapo.”

“Piga wewe.”

“Mimi? Mimi nauza tu, sijui kupiga.”

“Nitakuelekeza. Hesabu nyuzi kutoka chini. Uzi wa tatu. Sasa kwenye shingo, hiyo mistari ya chuma, hesabu mitano. Bonyeza hapo. Gonga.”

Natalia aligonga. Sauti ilitoka, nyembamba na safi. Optatus alifumba macho, na Natalia akapata nafasi ya kumtazama apendavyo.

“Nyuzi ziko karibu na shingo, au ziko juu?”

“Kwenye la kahawia ziko karibu. Jekundu zinaniumiza vidole.”

“Shingo ipi nyembamba? Ishike kiganjani. Kidole gumba kinafika juu?”

“Kwa la kahawia kinafika. Wewe kaka, unachagua gitaa au unachagua mchumba?”

“Nimekuja kuchagua gitaa,” Optatus alijibu. “Hayo mengine yamenikuta hapahapa.”

Natalia alicheka mpaka Mzee Lukmani akakohoa.

Alikuja mara ya tatu, na ya nne. Siku asizokuja alipiga simu wakati wa mchana, duka likiwa halina watu.

“Mpiga solo wangu, hujambo?”

“Sijambo, Bwana Koti. Umekula?”

“Nitakula nikisikia gitaa. Nipigie jekundu kwanza, halafu la kahawia.”

Natalia aliiweka simu juu ya spika, akapiga noti saba alizofundishwa, mwanzo wa ule utangulizi, kwa kidole kimoja, akijikwaa kila mahali. Upande wa pili, katika chumba alichopanga mtaa wa Makanyagio, Optatus alikuwa amekumbatia mpini wa jembe. Alikuwa ameuchora mistari kwa kalamu ya wino na kuufunga nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki. Alijaribu kumfuata kwa vidole viwili vilivyobaki, cha shahada na cha kati. Vilikuwa vizito. Pale palipohitaji kidole cha tatu, palikuwa na hewa.

“Vipi, limekukubali?” Natalia aliuliza.

“La kahawia. Niwekee.”

“Basi njoo ulijaribu ulichukue.”

“Nitakuja wiki ijayo, kipenzi.”

Neno lile la mwisho lilimponyoka. Kisha Natalia akasema taratibu, “Rudia nisikie,” na Optatus akarudia.

Alikuwa anampenda. Aliogopa kwa kiasi hichohicho.

*

Aneth, aliyeuza vitenge duka la jirani, ndiye aliyetia sumu.

“Shoga, huyo mwanaume wako mkono wa kushoto anao?”

“Anao. Uko mfukoni.”

“Umewahi kuuona?”

Natalia alifikiria. Wiki ya nne ile, hakuwahi.

“Joto hili, koti,” Aneth aliendelea, akikunja kitenge. “Mkono wa kushoto ndio wa pete. Unakumbuka yule dereva wa lori wa Sumbawanga?”

Ingekuwaje asikumbuke? Alikuwa amempenda mwaka mzima, hadi siku aliyomfulia shati na kukuta pete ya ndoa mfuko wa kifuani. Mke alikuwepo, watoto watatu. Natalia aliapa kwamba hatadanganywa tena na mwanaume mwenye mfuko.

Jumamosi hiyo alimwalika Optatus kula kwa Mama Verdiana, jirani na soko. Alivaa sketi ya kitenge iliyombana vizuri kiunoni na blauzi nyeupe, akapaka wanja. Ugali ulikuja, samaki wa Karema akafuata, kisha Mama Verdiana akaleta jagi la maji ya vuguvugu na beseni. Natalia alilichukua jagi.

“Leo nakunawisha mimi.”

Optatus alinyoosha mkono wa kulia.

“Na huo mwingine.”

“Huo si wa kulia chakula, Natalia.”

“Nawa yote. Mtu gani ananawa mkono mmoja?”

“Natalia, tafadhali.”

“Kuna nini huko mfukoni, Optatus?”

Watu wa meza ya pili waligeuka. Optatus alijiambia, utoe, utoe sasa. Mkono ulianza kutoka, ukafika nusu, kisha akasikia kicheko cha mtu mmoja pembeni, kicheko cha mambo mengine kabisa, na masikioni mwake kikawa kicheko cha Usevya. Aliurudisha haraka, beseni likapinduka, maji yakamwagika juu ya sketi ya Natalia.

“Samahani,” alisema, akaondoka bila kugusa ugali.

Alikuwa na uhakika kwamba Natalia ameuona. Natalia hakuona mkono. Aliona uso wa mtu mwenye kuficha jambo, na kwake hilo lilitosha. Alikaa pale na sketi iliyolowa, akalia, na Mama Verdiana akamfungia samaki kwenye mfuko bila kuuliza.

Kesho yake simu iliita mara sita. Ya saba aliipokea.

“Natalia, nisikilize kidogo tu.”

“Usinipigie tena.”

“Kwa hiyo umenikataa?”

“Ulitegemea nifanyeje? Nicheke?”

“Hapana,” Optatus alisema polepole. “Wewe sikutegemea ucheke.”

Simu ikakatwa. Kila mmoja alibaki na maumivu yake, na yote yalitokana na kitu ambacho hakikuwepo.

*

Ijumaa kabla ya sherehe, Respicius alimfuata Optatus kwenye mashine, suruali yake ya kitambaa imejaa vumbi la pumba.

“Ndugu yangu, keshokutwa ndiyo siku. Gitaa liko wapi?”

“Mtafute mtu mwingine.”

“Nimtoe wapi? Na nimepita dukani leo. Kuna Ezekia, wa kwaya moja ya Katumba, anakuja saa nane kuchukua gitaa. Mzee Lukmani kasema la kahawia limekaa mno, anayetangulia kulijaribu ndiye mwenyewe.”

Optatus alizima mashine. Kimya kilichofuata kilimtisha. Aliuona Jumapili wimbo wake ukianza bila yeye, na mwaka mwingine mmoja, na mwingine, na koti likichakaa mwilini. Alimwona pia Natalia akimfungia Ezekia lile gitaa kwenye katoni.

Halafu likamjia wazo jepesi, hata akashangaa lilikuwa wapi. Natalia si ameshauona? Ameuona, amemkataa, yameisha. Sasa koti analivalia nani?

Alilivua, akalitundika kwenye msumari.

“Unakwenda wapi hivyo?” Respicius aliuliza.

“Kujaribu gitaa.”

Alifika saa nane kasoro, fulana imejaa pumba, mikono yote nje, akivuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa. Mzee Lukmani alikuwa nyuma ya meza. Ezekia, mzee mnene mwenye suti ya bluu, alikuwa ameliweka lile jekundu pajani, na la kahawia likimsubiri pembeni. Natalia alisimama kati yao na waya mkononi.

“Shikamooni,” Optatus alisema. “Mzee, nimekuja kulijaribu mwenyewe. Kama sijachelewa.”

Akauweka mkono wa kushoto juu ya meza.

Macho ya Natalia yaliukimbilia mkono huo kutafuta pete. Yalitafuta kidole cha pete, yakakuta kovu, ngozi laini iliyokunjamana, na pembeni yake kidole kifupi kisichokunjika. Yalirudia kuhesabu. Waya ukamdondoka.

Natalia aliuokota, akalichukua gitaa la kahawia, akalichomeka, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Optatus alikaa kwenye stuli. Shingo ya gitaa ilikaa kiganjani, na kidole gumba kilifika juu, kama alivyoambiwa. Alibonyeza. Uzi ukakoroma. Akarudia, kidole kikateleza, sauti mbaya ikajaa duka zima. Ezekia alitazama sakafu. Aneth alikuwa ameshasimama mlangoni, kitenge begani, mkono mdomoni. Jasho lilimwingia Optatus machoni. Vidole viwili, vilivyozoea mpini wa jembe, vilisahau kila kitu.

“Siwezi,” alinong'ona.

“Uzi wa tatu,” Natalia alisema.

Optatus aliinua uso.

“Uzi wa tatu, mstari wa tano. Bonyeza hapo. Gonga.” Machozi yalimchirizika na wanja wote. “Mimi nimeweza kwa kidole kimoja, Optatus. Wewe unavyo viwili.”

Optatus akagonga. Noti ya kwanza ilitoka, nyembamba na safi. Ya pili ikafuata. Pale palipokuwa na hewa, aliteleza na kidole cha kati kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na noti ikalia kwa kuvutwa. Haikuwa kama zamani. Zamani ilikuwa haraka, ya kujionyesha. Hii ilikuwa ya polepole, ina mahali pa kupumulia. Alipiga zile saba, akaendelea na zile ambazo Natalia hakufundishwa, akakosea, akarudi nyuma, akapita.

Alipomaliza, Ezekia alijikuna kidevu. “Mimi nifungie hili jekundu,” alisema. “Kwaya yetu inapenda kung'aa. Hilo lina mwenyewe.”

Mzee Lukmani alisukuma daftari mbele. “Saini, kijana. Kwa mkono wowote.”

Natalia alimfuata nje, chini ya kibaraza.

“Kwa Mama Verdiana sikuona kitu,” alisema haraka, kabla hajaogopa. “Nilidhani unaficha pete. Nilidhani una mke.”

“Pete?”

“Ndiyo. Ya ndoa.”

Optatus alimtazama, akautazama mkono wake, akamtazama tena. Kicheko kilianzia tumboni, akaegemea nguzo. “Pete! Sasa mimi pete ningeivaa wapi, Natalia?”

Akashtuka. Lilikuwa swali lilelile la Usevya, limetoka kinywani mwake mwenyewe, na halikuuma.

“Nisamehe,” Natalia alisema, naye anacheka na kulia. “Nimekutesa.”

“Nimejitesa mwenyewe. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekudanganya.”

*

Jumapili alipiga. Ubeti wa pili alikosea, na Respicius alimkazia macho, lakini kwaya ilimbeba mpaka akaingia tena. Natalia alikaa benchi la tatu kwa gauni lake la njano. Tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, alikuwa amemkamata Aneth mkono kwa nguvu kiasi kwamba Aneth alilalamika wiki nzima.

Baada ya misa walikwenda kwa Mama Verdiana. Optatus alivaa shati jeupe la mikono mifupi. Ugali ulikuja, samaki akaja, jagi likaja. Natalia aliliwahi.

Optatus alinyoosha mikono yote miwili juu ya beseni. Safari hii hakurudisha hata mmoja.

“Nataka kumtuma Respicius kwenu Ilembo, awe mshenga wangu,” alisema, akiyatazama maji. “Lakini naogopa. Mama yako akiuliza huyu, pete atavalishwa wapi, ajibu nini?”

Natalia alimwagia maji mkono wa kulia. Kisha wa kushoto, akausugua kwa vidole vyake, kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye kovu hakupita haraka.

“Mwambie asijibu,” alisema. “Mama ataniita mimi, nami nitamwonyesha pa kuivalisha. Mkono wa kulia si unao? Nawa vizuri, samaki anapoa.”